Friji Haili Gesi

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Temeke. Waliokosa kufika wameniomba niiweke hapa. Nimenyoosha sentensi chache nilizojikanyaga, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)



Katibu alinipigia akasema, njoo utuongelee ajira kwa vijana. Nikamwambia sawa katibu, ila nikianza na ajira zote tutalala hapa. Nitaongelea kazi moja tu. Fundi friji. Fundi wa majokofu na viyoyozi.

Naona kuna mtu anacheka pale. Cheka tu kamanda, na mimi ningecheka miaka mitatu iliyopita. Nilidhani nikipanda jukwaani nitaongelea Katiba, maana ndiyo nasomea. Leo Katiba ipumzike kidogo.

Hebu tuanze na joto lenyewe. Mwezi wa kwanza na wa pili hapa Dar hakuna anayehitaji kuelezwa. Ila friji siyo starehe tu ya kunywa maji ya baridi. Samaki anayetoka Feri saa kumi na mbili asubuhi bila barafu, saa sita mchana ni hasara. Mama anayeuza barafu za ubuyu na maziwa mtindi mtaani kwetu, mtaji wake wote umo ndani ya friji moja kuukuu. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, zikizidi au zikiganda unamchoma mtoto maji matupu. Mitambo ya benki, minara ya simu, vyumba vya upasuaji, vyote vinataka baridi. Wenzetu wa nchi za baridi fundi huyohuyo ndiye anayewatengenezea na mitambo ya kupasha nyumba joto. Kwetu baridi ya Makete bado tunaimaliza kwa mkaa na blanketi, kwa hiyo hiyo tuiache.

Sasa niambieni: vitu vyote hivyo vikiharibika, anaitwa nani? Na huyo anayeitwa, alifundishwa wapi?

Mimi wa kwangu namjua. Ni kaka yangu, tumetoka tumbo moja.

Kaka alimaliza kidato cha nne akapata division four. Baba akasema hana hela ya kumrudisha shule, akampeleka kwa fundi mmoja barabarani, kibanda cha mabati chini ya mwembe. Mwaka wa kwanza alikuwa anaosha friji kwa sabuni na kubeba mtungi. Mwaka wa pili akaanza kushika tochi ya kuchomelea mabomba ya shaba. Halipwi, anapewa hela ya kula. Mwaka wa tatu, jamani, akawa fundi kweli. Anaweka mkono kwenye kompresa anakwambia hii imekufa valvu, hii waya umeungua, hii ni nzima ila relei ndiyo mbovu. Anabahatisha mara chache sana.

Ila kuna vitu hakufundishwa, kwa sababu na aliyemfundisha naye hakufundishwa. Naomba nivitaje, maana hapa ndipo ilipo tofauti ya kujifunza na kuokoteza.

Cha kwanza ndicho nilichokifanya kichwa cha habari. Friji haili gesi. Gesi iliyomo ndani inazunguka tu kwenye mabomba, inageuka maji inageuka mvuke, inabeba joto la ndani inalitupa nje. Haiishi kama petroli ya bodaboda. Ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja, basi. Kwa hiyo fundi anayekuja kwako kila baada ya miezi mitatu "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu, ama hajui kazi ama anajua sana biashara. Aliyefundishwa anatafuta tundu kwanza, analiziba, anavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, halafu anapima gesi kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa na mtengenezaji. Kule chini ya mwembe pampu hamna. Wanafukuza hewa kwa kupuliza gesi kidogo, unyevu unabaki ndani, unaenda kuganda kwenye kile kibomba chembamba, na wiki tatu baadaye mama wa barafu anarudi analia.

Cha pili kinatisha zaidi. Kutafuta tundu unatakiwa ujaze naitrojeni kwenye mabomba kwa presha, halafu unapaka povu la sabuni uone panapotoa mapovu. Naitrojeni ni ghali na mtungi wake ni mwingine. Pale kibandani walikuwa wanatumia oksijeni, ileile ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka kama bomu. Kaka alifanya hivyo miaka miwili bila kujua. Miaka miwili! Aliniambia siku moja anacheka, mimi nikashindwa kula.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Kaka alipata kibarua kwenye kampuni moja ya kufunga AC. Walimpa jaribio akafunga mashine mbili vizuri. Wakamuuliza cheti. Hana. Wakamwambia basi utafanya kwa siku, elfu kumi na tano, bila karatasi. Akafanya miezi minne, karibu kila siku. Mwenzake mwenye cheti, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anamuuliza kaka cha kufanya, yeye ana mkataba.

Mwezi wa nne, ghorofa ya pili, kaka yuko kwenye ngazi anafunga ile sehemu ya nje ya mashine. Hakuna mkanda wa usalama. Ngazi ikateleza. Alivunjika mkono, hapa kwenye kiwiko. Msimamizi akampa elfu ishirini ya nauli na dawa. Siku kumi na moja alizokuwa anadai hakulipwa, akaambiwa subiri. Matibabu tuliuza friji. Ndiyo, friji ya nyumbani, ile aliyoitengeneza mwenyewe. Nawaambia ukweli.

Mimi nilikuwa chuoni nafanya mitihani. Wakaamua wasinisumbue.

Niliporudi likizo ndipo nikaona mkono. Nikamwuliza, kaka, mbona hukuniambia? Akasema, "Mheshimiwa wakili, ulikuwa unasoma." Nikakaa chini nikahesabu siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Asipoyatoa na kesi ikafika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unamwangukia yeye mwajiri, siyo wewe. Sikilizeni hapo vizuri, maana mtaani tunaamini huna karatasi huna haki. Siyo kweli. Ila kuna muda. Malalamiko kama ya mshahara unatakiwa uyapeleke ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi isivyo halali, siku 30. Kaka alikuwa kwenye siku ya tisini na kitu.

Nikamwambia tunaweza kuomba kuongezewa muda, sababu ipo, ulikuwa hospitali. Akakataa. Akasema, "Mdogo wangu, mafundi AC mji huu wote tunajuana. Nikimshtaki huyu, nani atanipa kazi tena?" Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Nikarudi chuoni na hasira, nikafanya anachofanya mwanafunzi wa sheria akiwa na hasira. Nikafungua sheria.

Sheria iliyoanzisha VETA ni ya mwaka 1994. Ndani yake kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mwajiri anakatwa asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa. Ilikuwa asilimia 6, ikawa inashuka, na Julai 2023 ikafika asilimia 3.5. Tangu 2021 wanaolipa ni waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10. Siwalaumu waajiri kufurahia, tozo ilikuwa kubwa. Lakini jina la tozo mmelisikia? Kuendeleza ufundi stadi. Anayelipa anadhani hela inaenda kumfundisha fundi.

Haiendi yote. Theluthi moja ndiyo ya VETA. Theluthi mbili ni za Hazina, na humo ndimo zimekuwa zikitoka hela za mikopo ya elimu ya juu. Chukua kampuni inayolipa mishahara ya milioni 20 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ni laki saba. Kwenye ufundi inafika kama 233,000. Iliyobaki, kama 467,000, inapita njia nyingine.

Makamanda, hiyo njia nyingine inaishia kwangu.

Mimi ni mnufaika wa mkopo. Napata boom, kwa ajili ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Ada nalipiwa. Ni mkopo, najua, nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka niumalize. Sisemi nirudishe. Nasema hivi: tozo yenye jina la fundi inamsomesha mwanasheria, na fundi mwenyewe anajisomesha chini ya mwembe kwa oksijeni. Ile kampuni iliyomwacha kaka na mkono uliovunjika, kama ilikuwa inalipa tozo, basi ilinilipia mimi boom. Nilipofika hapo nilifunga kitabu.

Mtu ataniambia, mbona VETA ada ni ndogo? Kweli, kozi ndefu kwa wa kutwa imekuwa 60,000 kwa mwaka na bweni 120,000. Ada haijawahi kuwa ndiyo tatizo peke yake. Nauli ya kila siku nani analipa? Chakula? Ovaroli, spana, geji? Mwanafunzi wa chuo kikuu anapewa hela ya kula, wa VETA anaambiwa ada yako ndogo, shukuru. Mwaka 2023/24 mikopo ikafunguliwa kwa baadhi ya fani za stashahada, hatua nzuri, nimeipongeza na nitaipongeza tena. Anayesomea cheti cha ufundi friji akabaki palepale.

Na nitakuwa mkweli, serikali inajenga vyuo vya VETA wilayani, dazeni kadhaa. Tusijifanye hatuoni majengo. Na tangu Januari 2024 kuna mkondo wa amali sekondari. Sisi kazi yetu ni kuuliza kilichomo ndani ya majengo. Diwani wako au mbunge wako akija kuzindua, muulize: chuo hiki kina fani zipi? Karakana ya friji ipo? Ina pampu ngapi za vakyumu? Mwanafunzi atashika mashine mwenyewe, au watamzunguka mwalimu thelathini wakiangalia friji moja?

Kwa sababu kazi yenyewe inabadilika, na hili halitusubiri. Viyoyozi vingi vya zamani mnavyoviona kwenye maofisi vinatumia gesi ya R-22. Hiyo inatoboa tabaka la ozoni, na kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha ifikapo 2030, kibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Zile zilizokuja kuziba nafasi ya gesi za zamani, R-134a kwenye friji na R-410A kwenye AC, hazitoboi ozoni lakini zinapasha dunia joto kwelikweli. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanataka zipunguzwe. Kwa hiyo friji mpya zinazoingia sasa nyingi zina R-600a. Hiyo ni jamii moja na gesi ya kupikia. Inawaka. AC mpya nazo nyingi zina R-32, nayo inaweza kuwaka ikipata nafasi.

Sasa piga picha. Fundi aliyezoea R-134a, ambayo ukiwasha tochi karibu yake hailipuki, anafungua friji ya R-600a sebuleni kwa mtu, madirisha yamefungwa, anawasha tochi kukata bomba. Hajasoma kibandiko kilichopo nyuma, maana hakuna aliyemwambia kina umuhimu. Kama uko hapa na unafanya kazi hii, kabla hujagusa chochote soma kile kibandiko. Kimeandika aina ya gesi na gramu zake. Ukiona R-600a au R-290, friji itoke nje, gesi itoke kwanza, usitumie moto. Samahani nimekuwa mwalimu, ila sitaki kusikia msiba.

Turudi kwa mafundi ambao tayari wanajua kazi kama kaka. Hawa hawahitaji kurudishwa darasani miaka miwili. Upo utaratibu VETA unaitwa urasimishaji wa ujuzi. Unapimwa unachokijua, kwa vitendo na kwa maswali. Palipopungua unafundishwa hapohapo, halafu unapewa cheti kinachotambulika. Ni jambo jema na watu wengi hawalijui. Hoja yangu kwa chama ni kwamba gharama ya fundi wa mtaani kupimwa itoke kwenye tozo. Hela ipo, inakusanywa kila mwezi, ina jina lake. Kama gesi, haikuliwa. Imevuja, na tundu tunalijua liko kifungu gani.

Hapa nataka kuwasema na sisi wenyewe, mwenyekiti anisamehe. Sisi kama chama tukiongelea ajira, tunaongelea wahitimu wa vyuo vikuu. Angalieni mabango yetu. Angalieni tunaowapa maiki. Mimi nimepewa maiki leo kwa sababu nasomea sheria, kaka yangu yuko nyumbani kwa sababu ni fundi. Tukiandika mapendekezo ya vijana wa kata hii, nataka suala la tozo liwe la kwanza kabla ya mambo yetu wanachuo. Najua kuna wenzangu wa chuo watanikasirikia, watasema nataka mikopo ipungue. Sitaki ipungue. Mikopo ya vyuo vikuu ilipwe na bajeti kuu, kwa jina lake, tuione na tuijadili. Tozo ya ufundi imlipie fundi.

La mwisho ni vifaa. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, tukakaa zaidi ya mwaka mzima bila mikopo, sasa imerudi. Mafundi watano wa friji wakiungana kikundi wanaweza kuomba pampu, mzani, geji na mtungi wa naitrojeni, wakatumia kwa zamu. Watano tu. Wengi tukienda kule tunaandika ufugaji wa kuku, halafu kuku wanakufa.

Kaka mkono umepona, ila haunyooki wote. Amerudi chini ya mwembe. Wiki iliyopita nilimchukua tukaenda kuulizia urasimishaji, njia nzima ananiambia tunapoteza nauli. Tulipofika akamkuta jamaa anafundisha vijana kuvuta vakyumu, akasimama mlangoni karibu nusu saa, mimi nimekaa kwenye benchi na fomu. Akaja akaniambia, "Kumbe ile sindano inatakiwa ifike mpaka kule chini kabisa." Fomu akajaza.

Nimemwomba katibu tuweke meza pale mlangoni. Kama wewe ni fundi friji au AC, au una kaka, shemeji, jirani, andika jina na namba ya simu, na umefanya kazi miaka mingapi. Nitakaa nao Jumamosi ijayo tujaze fomu pamoja. Na yeyote anayefanya kazi bila karatasi na anadai hela, asiondoke bila kuniona. Aje na tarehe ya siku ya mwisho aliyofanya kazi, nitaanza kuhesabu nayo.

Karibuni maswali.